Maji Yamepinda

Kazi yangu ni kipimo. Nazamisha kioo kwenye maji ya bwawa,
nasoma mstari, naandika katika daftari lililovimba kurasa:
bwawa la tano, nyuzi kumi na nane.
Bwawa la sita, ishirini na mbili.
Ikifika ishirini na tano na nusu nampigia simu msimamizi.
Hiyo ndiyo saa chumvi inaposhindwa kuendelea kuwa maji.

Miaka saba hapa Gongoni nimeandika tarakimu hizi
bila kujua ninahesabu nini.
Aliyenijuza ni binti yangu Mbodze, kidato cha tatu,
jikoni, kwa chanuo la plastiki.
Alilisugua nyweleni mwangu hadi nywele zikasimama,
akatoboa dumu kwa sindano,
akalisogeza chanuo karibu na uzi wa maji.
Uzi ukajikunja. Naapa, ulijikunja,
kama mtu aliyesikia jina lake sokoni.

"Kila chembe ina ncha mbili, mama.
Oksijeni huku, mwenye choyo, hasi kidogo.
Hidrojeni wawili kule, chanya kidogo.
Na hawakupangwa msitari mmoja. Wamepinda, kama kiwiko.
Wangenyooka, wangefutana,
na maji yasingevuta kitu, wala yasingevutwa."

Kidogo, alikazia. Kidogo tu.

Usiku ule nilimfikiria mama yangu, Nyevu,
ambaye kijiji kizima kilisema hakunyooka.
Thoya akija, alimgeuzia uso wa lawama:
mwanangu, wewe ndiye mkubwa, shuka.
Fondo akija, uso wa huruma:
kula kwanza, ya shamba tutayaona.
Mikorosho ishirini na mitatu kule Kanagoni,
na kaka zangu miaka kumi na mmoja hawapeani mkono.
Mimi nami nilimwita kinyonga.

"Sodiamu ikiingia," anasoma Mbodze, kidole kwenye ukurasa,
"maji huigeuzia oksijeni, yakaizunguka.
Kloridi ikiingia, huigeuzia hidrojeni.
Kila ioni na ua lake.
Zinatamaniana, lakini zifikeje?"

Na wakati mwingine hufika. Karibu.
Mbodze anasema hata kabla ya nyuzi zangu ishirini
ioni mbili husogeleana, chembe moja ya maji katikati,
mara zinakuwa tatu, nne, kikundi,
kikavunjika kabla hakijapewa jina.
Hilo sikuhitaji kuoneshwa kitabuni.
Usiku mtoto wa Fondo alipotetemeka kwa homa
hapakuwa na chombo ila pikipiki ya Thoya.
Thoya mbele. Fondo nyuma, mtoto kifuani.
Katikati, amebanwa, leso imemvuka kichwa, mama.
Hadi hospitali ya Malindi, hakuna aliyesema neno.
Kesho yake kila mtu kwake.

Mama alikauka mwezi wa Februari. Sisemi alifariki,
nilimwona: siku tisa, akipungua kama bwawa.
Matangani nilitazama mlango, nikingoja panga au kumbatio.
Haikuwa hili wala lile.
Thoya aliketi. Fondo akaja akaketi ubavuni mwake,
bega kwa bega, wamekakamaa, weupe kwa vumbi la kaburi,
na pale kati hapakuwa na nafasi ya kupitisha hata ukucha.
Sijui kama ule ni upendo.
Mbodze anasema ni nguvu ileile iliyokuwepo siku zote,
ila sasa hakuna anayeigawa.

Leo bwawa la sita limefika.
Vijisahani vyeupe, vidogo kuliko punje ya mtama,
vimeanza kuelea juu, kingo zake zimenyooka kama za rula.
Niliokota kimoja nikakiweka ulimini.
Mate yakakijia, mengine kwa mgongo, mengine kwa uso,
yakaanza kuwatenganisha, taratibu,
bila kumuumiza yeyote.

Nikatema. Nikaandika ishirini na tano na nusu.
Nikampigia msimamizi.